Boga Lisilopikika

"Themanini na tano nini?" Mama aliuliza.

"Dola, Mama."

"Boga?"

"Boga."

Akalitazama tena. Lilikuwa boga zuri, sikatai. Rangi ya chungwa lililoiva, mbavu zimejipanga, kikonyo cha kijani kimejisokota kama mkia wa kinyonga. Lilikaa juu ya robota la nyasi kavu pamoja na wenzake mia na ushee, manyunyu yakiwadondokea, na yote yalikuwa ya kioo. Mama akapiga ile hesabu yake ya kichwani ambayo amekuwa akiipiga tangu atue Marekani, ya kuzidisha kila kitu kwa elfu mbili na nusu, akavuta mtandio, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyeona ajali: "Laki mbili na chenji. Na halipikiki."

Naishi Tacoma, jimbo la Washington, mwaka wa tisa huu. Mji wetu ni wa bandari, wa mvua, na wa vioo. Kila Oktoba, Wamarekani wanapoanza kupamba baraza zao kwa maboga, karakana za vioo za huku hufungua milango siku moja au mbili. Watu huingia bure, hutazama mafundi wakipuliza, na anayetaka hununua kwa aliyetengeneza mwenyewe. Miaka yote nilikuwa nayapita tu matangazo yao. Safari hii nilikwenda kwa sababu mbili. Ya kwanza, Mama alikuwa amekuja kunisaidia kulea mtoto na alishachoka kukodolea macho dirisha. Ya pili ina aibu kidogo.

Mwaka juzi nilinunua chombo cha maua dukani. Kilikuwa na kibandiko kilichosema kimetengenezwa kwa mkono, nami nikalipa bei ya mkono. Baada ya miezi michache nikamkuta pacha wake sebuleni kwa rafiki, na pacha mwingine kwenye chumba cha kusubiria kwa daktari wa meno. Walifanana hadi mkunjo wa mdomo. Niliporudi nyumbani nikapitisha kidole ubavuni mwa changu, nikaukuta mshono: mstari mwembamba kutoka mdomoni hadi karibu na kitako, ule unaoachwa na kalibu ya kiwandani pande zake mbili zinapokutana. Chukua chupa yoyote ya soda uipapase, utaukuta. Kwa hiyo nilitaka kwenda mahali nikaone mkono wenyewe, nisitegemee kibandiko.

Kwa nini Tacoma? Kwa sababu Dale Chihuly, msanii mashuhuri wa kioo, alizaliwa hapa mwaka 1941, na mtu mmoja akiwika mji mzima huamka. Kabla ya kizazi chake kioo Marekani kilikuwa kazi ya viwanda vyenye matanuri makubwa na wafanyakazi wa zamu. Mwaka 1962 mwalimu mmoja wa ufinyanzi, Harvey Littleton, aliendesha warsha mbili kwenye jumba la makumbusho la sanaa la Toledo, Ohio, kuonyesha kwamba msanii anaweza kuyeyusha kioo kwenye tanuri dogo, peke yake, bila kiwanda. Chihuly alikuwa mwanafunzi wake baadaye, akaenda Murano kule Venice kujifunza kwa mafundi wa Kiitaliano, na mwaka 1971 akaanzisha shule ya Pilchuck msituni, kaskazini mwa Seattle, akisaidiwa na mume na mke wa ukoo wa Hauberg waliotoa ardhi. Mwaka 1976 alipata ajali ya gari Uingereza, akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kushoto. Hatimaye aliacha kupuliza mwenyewe, akawa anachora na kuelekeza timu ya mafundi. Wapo wanaolalamika kwamba hizo basi si kazi zake. Nilipomsimulia Mama alishangaa watu wanashangaa nini. "Kwani fundi mkuu wa jahazi," alisema, "ndiye anayepiga kila msumari?"

Mwaka 2002 mji ukafungua Jumba la Makumbusho la Kioo pale ufukweni. Lina koni kubwa ya chuma iliyoinama, inayopanda mita kama 27, imeigwa kwenye matanuri ya zamani ya viwanda vya mbao yaliyokuwa yakichoma maranda. Mama alipoiona kutoka garini akauliza kama huku nako watu wanachoma chokaa. Nikacheka, halafu nikafikiri: tanuri ni tanuri.

Karakana tuliyokwenda sisi haikuwa ile ya makumbusho. Ilikuwa bohari la kawaida nyuma ya duka la matairi, lenye mlango wa kuviringisha. Maboga nje, meza za bilauri na vyombo ndani, na kule mwisho, nyuma ya kamba, tanuri. Tulipovuka kizingiti joto likatupiga usoni, na Mama akatabasamu tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu Septemba.

"Hapa sasa," akasema, akifungua zipu ya koti, "ndiyo Tanga."

Nilikuwa nimejiandaa kumtafsiria kila kitu. Sikujua kwamba mimi ndiye nitakayehitaji mkalimani.

Mama yangu ameuza visheti na kashata Ngamiani, Tanga, kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimekua nikiona sufuria za shira. Nimechapwa, si mara moja, kwa kugusa sinia la kashata kabla ya wakati wake. Fundi alipochovya bomba refu la chuma ndani ya tanuri na kulitoa likiwa na donge linalong'aa nchani, watu waliotuzunguka wakatoa simu zao. Mama akasogea kwenye kamba, akakunja mikono, akatazama kimya. Kisha akasema: "Anazungusha kwa sababu akisimama itadondoka."

Ndivyo hasa. Kioo kwenye tanuri kina joto la nyuzi 1,100 hivi za selsiasi, na kina uzito wa asali. Hakimwagiki kama maji, lakini hakitulii. Fundi hulizungusha bomba tangu anapochota hadi anapomaliza, muda wote, hata anapoongea, hata anapokunywa maji. Akiacha kwa sekunde chache tu donge linaelemea upande mmoja.

Akaliviringisha juu ya meza ya chuma. "Analipoza ngozi," Mama akasema. Akalichovya kwenye sinia lenye chembe za kioo cha rangi, akalizungusha mpaka zikalishika pande zote. "Visheti," Mama akasema, na hapo alishaanza kufurahi. Akalirudisha kwenye tundu la tanuri la pili, ambalo kazi yake ni kupashia tu. Mama akatikisa kichwa kukubali. Shira nayo ikianza kuganda unairudisha jikoni, unaipa moto kidogo, unaendelea. Tofauti ni kwamba shira ukiiunguza unaionja na kusikitika, kioo hakiungui.

Kitu kimoja kilitushangaza sote wawili. Donge lilikuwa limechovywa kwenye chembe za samawati, niliziona kwenye sinia kwa macho yangu, lakini lilipotoka motoni lilikuwa na rangi ya kaa la moto. Msaidizi mmoja, binti mwenye tatuu ya pweza mkononi, alitueleza kwamba kikiwa moto kila kioo kinang'aa hivyo. Fundi anafanya kazi bila kuona rangi anayoitengeneza. Anaijua kwa mazoea, na ataithibitisha kesho. Samawati ile nzito inatokana na kobalti, ambayo kidogo tu inatosha. Waridi na nyekundu ya zabibu zipo zinazotoka kwenye dhahabu halisi, ndiyo maana meza ya vyombo vya rangi hiyo ilikuwa na bei za kutisha. Na ule ukijani wa chupa za kawaida si rangi iliyotiwa na mtu, ni chuma kilichokuwa mchangani tangu mwanzo.

Kisha akapuliza. Nilidhani nitaona mashavu yaliyotuna kama ya mpiga tarumbeta. Wapi! Akapiga pumzi fupi, akaziba bomba kwa dole gumba, akasubiri. Hewa iliyonaswa ndani ikapata moto, ikatanuka yenyewe, na kiputo kikachomoza ndani ya donge taratibu kama pumzi ya mtoto aliyelala. Mama akanishika mkono. Hakusema kitu.

Baada ya hapo mikono ilikuwa miwili, halafu minne, halafu sita. Fundi akaketi kwenye benchi lenye reli mbili za kando, bomba likibingirika juu yake. Akashika gazeti lililokunjwa na kuloweshwa maji mpaka likawa kama kiganja cha pili, akalikandia kioo, moshi na mvuke vikapanda baina ya vidole vyake. Gazeti tu, jamani, baina ya ngozi na nyuzi mia nane. Karatasi mbichi hutoa mvuke, na mvuke ndio unaokingia. Msaidizi akaleta fimbo ya chuma yenye tone la kioo cha moto nchani, akaibandika chini ya kitako. Fundi akatia matone mawili ya maji shingoni, akagonga bomba, tak! Kile chombo kikaachana na bomba lililokizaa, kikabaki kimeshikwa kitakoni kwa ile fimbo. Sasa kule kulikokuwa na shingo kukawa na tundu, nalo likarudishwa motoni, likafunguliwa kwa koleo mpaka likawa mdomo wa bilauri.

"Kitovu," Mama akasema.

"Nini?"

"Wakiikata pale kwenye fimbo, patabaki kovu. Kama kitovu." Akanitazama kana kwamba nimechelewa shule. "Hukuona?"

Nilikuwa nimeona bila kuona. Hilo neno nimelibeba mpaka leo. Kwa Kiingereza wana jina lao la kifundi, lakini kitovu ndilo jina lake.

Kwenye chombo cha tatu mambo yaliharibika. Kilikuwa kikubwa, cha zambarau, kimechukua kama nusu saa ya kazi ya watu watatu. Msaidizi alisimama tayari na glavu zake nene, fundi akagonga fimbo, chombo kikaachia, na glavu zikakipokea vibaya. Kikaanguka. Hakikutoa ule mlio wa glasi ya jikoni. Kilitua kwa kishindo cha kitu kilicho nusu laini, kisha kikapasuka vipande vilivyoendelea kutetereka na kujipasua wenyewe sakafuni kwa dakika nzima, ti, ti, ti, kila kimoja kikipoa kivyake. Watu wote wakanyamaza. Fundi akatazama chini, akasema neno moja ambalo sitaliandika hapa, akachukua bomba jingine.

"Innalillahi," Mama akanong'ona. Kisha kwa sauti, kwa Kiswahili, akimtazama fundi juu ya kamba: "Pole, baba. Pole sana." Yule fundi, mzee wa makamo mwenye ndevu za mvi, hakuelewa neno, lakini aliinua kichwa na kumpungia.

Niliuliza kama vile vipande vinarudishwa tanurini. Vile vya rangi havirudi, binti wa pweza alisema, vingechafua kioo cheupe chote kilichomo. Na si kila kioo huchanganyikana na kingine. Kila mchanganyiko hutanuka na kusinyaa kwa kiwango chake, na ukiunganisha viwili visivyopatana vitakaa pamoja vikiwa moto, kisha vitapasuana vikipoa. Mama aliomba nimtafsirie hilo mara mbili, kisha akataja ndoa ya jirani yetu fulani wa Tanga, nami siwezi kuendelea zaidi ya hapo.

Ile bilauri ya samawati ndiyo niliyoitaka. Nilikuwa nimeiona tangu donge. Nikaenda kuulizia bei, nikaambiwa haiuzwi leo. Si kwamba ina mwenyewe, ila imeingizwa kwenye kabati la moto, linaloshikilia nyuzi kama 480, na litapozwa taratibu usiku kucha. Kioo kikiachwa kipoe chenyewe mezani, ngozi ya nje husinyaa ikaganda wakati ndani bado kuna moto, na mvutano huo hukipasua, pengine papo hapo, pengine baada ya wiki, kikiwa kabatini kwako usiku wa manane. Mama hakuhitaji maelezo. Nani asiyejua kinachotokea ukimwagia chungu cha moto maji ya baridi?

Kwa hiyo tukaenda kwenye meza kununua vya jana. Na hapa ndipo Mama alipoanza kazi.

Kama umewahi kununua chungu sokoni na mwanamke wa rika la mama yangu, unajua. Hanunui kwa macho. Anakiinua, anakigeuza kitako juu, anakigonga kwa kifundo cha kidole huku sikio limeinama. Chungu kizima kinalia. Chenye ufa kinakohoa. Anapitisha kidole mdomoni, anachungulia ndani akielekea jua. Ndipo anauliza bei, na anaiuliza kama mtu aliyekwishaamua kuondoka.

Basi Mama akaanza kugeuza bilauri za Tacoma, moja baada ya nyingine. Mwanamke aliyekuwa kando yetu akavuta pumzi kwa hofu. Mimi nikaanza kuomba radhi kwa niaba ya taifa zima. Mama hakujali. Anageuza, anatafuta kitovu kwa dole gumba, anaigonga kwa ukucha, anasikiliza, anairudisha. Kwenye nyingine kovu lilikuwa limesagwa likawa laini, kama kidimbwi kidogo cha duara, na pembeni jina la fundi limechorwa kwa sindano. Kwenye nyingine lilikuwa limeachwa lakini limelainishwa kwa moto. Akafika kwenye maboga ya ndani, akageuza moja, akapapasa, akakunja uso.

"Hili halina kitovu."

Nikageuka kutafuta mtu wa kumuuliza, nikamkuta fundi mwenye ndevu amesimama nyuma yetu anajifutia shingo kwa taulo. Alikuwa mapumzikoni. Nikamtafsiria. Akacheka mpaka akakohoa, akalichukua boga mikononi mwa Mama, akagusa kikonyo. Boga, akaeleza, halishikwi chini. Linapulizwa ndani ya kalibu yenye mifereji ili lipate mbavu, linamaliziwa likiwa bado kwenye bomba, linaachanishwa, na lile tundu linalobaki juu linafunikwa kwa tone la kioo cha moto linalovutwa na kusokotwa. Kovu lipo, ila limevaa kofia.

"Mwambie," Mama akasema, "nimeelewa. Limefunga kilemba."

Kwa hiyo kalibu pekee si dhambi, nami nilijifunza kuacha kuogopa kila mstari ninaoukuta. Boga la mkono lina alama za kalibu pia. Ninachokitafuta siku hizi ni mambo yote kwa pamoja: kitako kikoje, unene wa ukuta unapopanda, mdomo umelainishwa kwa moto au umekatwa na mashine, na ndugu zake mezani wanafanana kwa kiasi gani. Ndugu wa tumbo moja hufanana. Wakifanana mpaka kope, uliza.

Pembeni kulikuwa na meza ya bei ya chini, ya vyombo vyenye kasoro. Mama alihamia huko kwa mwendo wa mtu aliyefika nyumbani. Viputo havikumsumbua. "Pumzi yake imebaki," alisema, akainua bilauri yenye kiputo kimoja kama punje ya ulezi. Kisha akachukua bakuli la rangi ya asali lililopendeza kuliko vyote, akalielekeza kwenye taa, akalileta karibu na jicho, akalirudisha mbali. Akaweka ukucha mahali fulani.

"Mchele huu una jiwe."

Nilitazama. Palikuwa na chembe nyeupe, ndogo kuliko punje ya chumvi, imezama ndani ya ukuta wa bakuli. Nikamwonyesha fundi, nikamtafsiria neno kwa neno: mama yangu anasema kuna jiwe, kama kwenye mchele. Akalichukua bakuli, akalitazama kwa muda, na uso wake ukabadilika. Ndivyo sisi tunavyoliita, akaniambia. Jiwe. Ni kipande cha ukuta wa tanuri au cha chungu cha kuyeyushia kilichomeguka kikaingia kwenye kioo bila kuyeyuka. Kiputo ni hewa tu, hakidhuru. Jiwe linasinyaa kwa namna yake na kioo kwa namna yake, na siku moja ufa huanzia hapo. Halikupaswa kuwa mezani, hata hii. Akaliondoa, akaliweka chini ya benchi.

Wazazi wetu wamechagua mchele kwenye ungo maisha yao yote, jioni, barazani, kwa mwanga wa koroboi. Sijawahi kufikiria kwamba ni utaalamu.

Fundi akavuta kiti, akamkaribisha Mama aketi. Akauliza kama huko kwetu kuna kioo. Lilikuwa swali la heshima, lakini nilikuwa na jibu refu. Nikamweleza kwamba kupuliza kioo kulianza Shamu, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na vioo havikuchelewa kutufikia. Mfanyabiashara wa Kigiriki wa Misri aliyeandika habari za pwani yetu katika karne ya kwanza anaitaja bandari ya Rhapta, na katika bidhaa zilizoletwa huko anaorodhesha mikuki, mashoka, na aina za vioo. Nikamwambia neno letu la glasi ya kunywea, bilauri, lilitujia kwa Waarabu na Waajemi likiwa na maana ya kioo safi cha thamani, na kwamba Lamu nyumba za mawe zina zidaka ukutani za kupangia vyombo vya kaure na vya kioo ambavyo hakuna anayevigusa. Nikamwambia kuna wapulizaji Kitengela, nje kidogo ya Nairobi, na Arusha pia, wanaoyeyusha vioo vilivyotupwa. Hiyo alitaka kuisikia zaidi, maana kioo cha chupa hukauka upesi mkononi na kinahitaji fundi mwepesi.

"Unamwambia nini muda wote huo?" Mama akauliza.

"Namwambia tumekuwa na vioo zamani. Shanga na kadhalika."

"Shanga!" Mama akacheka. "Mwambie wengine tunazo mpaka leo."

Fundi akatazama shingo yake, akatazama mikono yake, hakuona kitu. Akauliza ziko wapi.

"Hilo usimtafsirie," Mama akasema.

Sikutafsiri.

Bei ilikwenda hivi. Mama alitaka boga, na mimi sikuamini masikio yangu. Alikuwa amelichagua lile la nje, la themanini na tano, baada ya kuligonga na kulisikiliza. Fundi akasema bei za leo hazishuki, kuna gesi ya kulipa, tanuri halizimwi usiku wala mchana kwa sababu likipoa chungu cha ndani kinapasuka. Mama alipotafsiriwa hilo alimhurumia kwa dhati. Tanuri linawaka watu wamelala! Nani anaweza? Kisha akafungua mkoba, akatoa kopo, akampa kashata ya nazi. Fundi akala. Akaomba nyingine. Akaigeuza akatazama chini yake, akatafuta kitovu, na wote wawili wakacheka bila mimi.

Tuliondoka na boga kwa dola sitini, na bilauri mbili zenye viputo kwa ishirini. Kopo la kashata lilibaki. Ile ya samawati niliifuata Jumanne yake, na rangi yake mchana ni nzuri kuliko nilivyoikisia. Nanywea maji kila siku. Mama alilalamika kwamba naitumia ovyo badala ya kuiweka kabatini kusubiri wageni.

Boga lilisafiri kwenda Tanga mwezi Januari, katikati ya sanduku, limefungwa kwa nepi za mjukuu kumi na mbili na khanga mbili. Mama alilibeba kwa roho juu kutoka Seattle mpaka Dar es Salaam, kisha kwa basi. Lilifika zima. Ameliweka juu ya kabati la vyombo, na kila mgeni anaonyeshwa kikonyo na kuhadithiwa habari za kilemba.

Juzi amenitumia ujumbe wa sauti. Yule jirani, wa ile ndoa, amelipenda.

"Ameniuliza bei. Nimemwambia laki nne. Kasema laki na nusu. Nimemwambia nenda kalale kwanza, tanuri lile haliwaki kwa maji." Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake. "Kesho atarudi. Wewe niulizie kwa yule baba, yale madogo ni shilingi ngapi."